Mtamba Nambari Kumi na Saba

Wasifu wa marehemu Bwana Makokha ulinifikia kwa simu siku ya Jumatano, nikiwa jikoni hapa Bungoma, nimepakata sinia la maharagwe. Mwenzangu wa zamani wa Kitale ndiye aliyenitumia, na chini yake akaandika, "Pole Zai, mzee wetu ametuacha." Nikasoma. Alianza biashara na ng'ombe wawili, kweli. Alisomesha watoto ambao hawakuwa wake. Kweli, wawili kati yao nawajua kwa majina. Kisha nikafika mahali palipoandikwa kwamba alikuwa mtu wa neno lake, na kwamba katika miaka yote ya mnada hakuwahi kumgeuka mteja. Niliweka sinia chini kwa kishindo hata maharagwe yakaruka. Mume wangu alikuwa sebuleni akipiga pasi shati. Akauliza, "Nani amekuudhi saa hizi?" "Maiti," nikamjibu. Akastaghfiru, akaja mlangoni kunitazama, nikamwambia arudi kwa shati lake lisije likaungua. Najua marehemu hasemwi vibaya, nimelelewa hivyo. Lakini hakuna aliyenifundisha nifanye nini marehemu anaposifiwa kwa jambo lile lile alilolivunja, na aliyeshika kalamu siku alipolivunja nilikuwa mimi.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na kazi ile ilikuwa ya kwanza kunilipa mwisho wa mwezi. Bwana Makokha alinunua mifugo na vyombo vya kilimo kutoka kwa mashamba makubwa yaliyokuwa yakigawanywa pembeni mwa Kitale, kisha akaviuza kwa mnada wa mtandaoni. Kila Ijumaa tuliweka picha kwenye ukurasa wetu, kila kitu na nambari yake, maelezo yake, bei ya kuanzia na saa ya kufunga. Watu waliandika bei zao chini ya picha. Saa ikitimia, mwenye bei ya juu ameshinda, analipa kwa simu, kesho yake anakuja kuchukua. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha, kuandika maelezo na kutangaza mshindi. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la dawa za mifugo, vimetenganishwa kwa plaiwudi ambayo haikufika darini, kwa hiyo lililosemwa chumba kimoja lilisikika chumba cha pili. Palinuka pumba za mahindi na dawa ya kupe, na msimu wa mavuno malori yalipanga foleni nje ya dirisha langu tangu asubuhi, madereva wakinawa nyuso kwa maji ya chupa. Bwana Makokha aliniajiri kwa ajili ya lugha. "Nyinyi wa pale karibu na msikiti Bungoma mnaongea Kiswahili kama redio," aliniambia siku ya kwanza. "Mimi nikiandika 'ng'ombe mzuri', hakuna mtu ananunua. Wewe andika mpaka mtu asikie maziwa ikilia kwa ndoo."

Nyumba yao ilikuwa hatua chache nyuma ya zizi, na saa saba mchana sote tulikula mezani kwa mkewe, Mama Lucy. Ugali, mrenda, omena, na kuku siku akijisikia. Alipogundua kwamba nilikuwa nakula mchuzi na kuacha nyama, hakuniuliza mara mbili; tangu siku hiyo kuku wa nyumba ile alipelekwa kwanza kwa Mwislamu mmoja aliyekuwa na duka la nyama pale mtaani, akachinjwa, ndipo akaletwa sufuriani. Kwenye stoo walinisogezea magunia ya chumvi ya ng'ombe nipate pahali pa kutandika msala wangu. Ramadhani ilipofika, Mama Lucy aliniwekea uji na viazi vitamu kwenye vyombo vyenye vifuniko, nibebe niende navyo chumbani kwangu. Siyasemi haya kumpamba mtu. Nayasema kwa sababu ndiyo yaliyoniziba mdomo baadaye. Angekuwa mwajiri wa kutukana na kukata mshahara ningemkatalia mapema, tena kwa raha. Hakuna jambo linalonikasirisha mpaka leo kama kukumbuka kwamba nilidanganya kwa sababu ya kuku.

Sharti la mnada niliandika mimi. Alikuwa ametaka mstari mmoja wa juu ya ukurasa, mstari wenye uzito, wa kuwatisha watu wanaoshinda halafu wanahepa. Nikaandika: "Nyundo ikishagonga hakuna kurudi nyuma, kwa muuzaji wala kwa mnunuzi." Nusu ya pili niliiweka kwa sababu sentensi ilichechemea bila hiyo. Bwana Makokha aliisoma kwa sauti, akacheka, akasema, "Hapo sasa! Hiyo ni sheria kabisa." Haikupita mwezi tukapata wa kuionjesha. Alikuja mtu mmoja kutoka Kibabii, Bwana Wekesa, aliyekuwa na kibanda cha chapati karibu na chuo kikuu. Alitaka tangi la maji, nambari kumi na nne. Akaandika bei yake chini ya nambari arobaini na moja, ambayo ilikuwa mashine ya kuangulia vifaranga, mbovu, na maelezo yalisema wazi ni mbovu. Alishinda kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Alikaa kwenye benchi letu ameshika kofia. "Mimi nilikosea tu namba, madam. Kumi na nne, arobaini na moja, si unaona zinafanana? Sina hata kuku mmoja." Bwana Makokha alinigeukia mimi. "Msomee." Nami nikasoma, kwa ile sauti yangu ya redio, taratibu, nikisimama kwenye mkato. Hakuna kurudi nyuma. Bwana Wekesa alilipa, akaifunga mashine ile nyuma ya bodaboda kwa mpira, akaondoka nayo. Wala sikuona vibaya. Nilijiona mfanyakazi hodari.

Mwanamke wa Bokoli alianza kunipigia simu kama miezi mitatu kabla ya yote. Jina lake Rose Nasimiyu, Mama Davi kwa watu wa kwao. Alifundisha watoto wa chekechea asubuhi, na siku za soko akauza chai na mandazi. Alikuwa akitafuta ng'ombe wa maziwa, si yeyote, mmoja mzuri, na alikuwa akisoma maelezo yangu yote hata ya vitu asivyovihitaji. "Umeandika 'mtamba'," alinipigia mara ya kwanza. "Mtamba ni nini?" Nikamwambia ni ng'ombe jike kijana ambaye bado hajazaa. "Si mngesema tu hivyo. Watu wa huku tunafikiria ni jina ya mtu." Akacheka, nami nikacheka. Baada ya hapo alipiga karibu kila wiki. Alinieleza alivyojenga banda, alivyopanda majani ya ng'ombe kando ya mto, alivyogombana na shemeji yake aliyemwambia ati mwanamke peke yake hawezi kukaa na ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi. Hakuwahi kuandika bei hata mara moja. Alikuwa akingoja.

Ijumaa ile Bwana Makokha alikuwa shambani, akinipa maelezo kwa simu, mtandao ukikatika kila sentensi. Tulikuwa na ng'ombe wawili weusi wenye mabaka meupe. Nambari saba alikuwa mtamba mwenye mimba ya miezi sita, mama yake alisifiwa kwa maziwa shamba zima. Mnada wake ungefungwa saa kumi. Nambari kumi na saba alikuwa ng'ombe mzee aliyekauka, wa kuuziwa wenye bucha, bei ya kuanzia ya nyama, kufungwa saa sita na nusu. Nilisikia "saba", nikasikia "kumi na saba", nikabandika picha, nikabandika maelezo, nikaenda kwa nambari kumi na nane. Mtamba yule mwenye mimba, na maneno yangu matamu ya maziwa kulia ndooni, akaketi chini ya bei ya mifupa.

Saa sita na robo simu ikalia. Nilikuwa nimechomoka mapema kwenda mezani kwa Mama Lucy, ugali u mkononi. "Zaituni," Rose akasema, "hii kumi na saba, ni mtamba ama macho yangu?" "Ni mtamba." "Na hiyo bei ni ya ukweli? Hakuna kosa hapo? Nisije nikafika huko niambiwe ingine." Ningeweza kunawa mkono. Ofisi ilikuwa hatua ishirini. Ningeweza kufungua ukurasa kwenye simu ile ile niliyokuwa nimeishika. Nikamwambia, "Mama Davi, bei ni hiyo iliyoandikwa." Nikameza tonge. Kulikuwa na mwenye bucha mmoja aliyeandika bei kidogo, Rose akampita, mwenye bucha akanyamaza. Saa sita na nusu nikarudi mezani kwangu, na bila kutazama picha nikaandika IMEGONGA, na jina lake. Dakika kumi baadaye pesa yote ilikuwa imeingia, nikamtumia risiti.

Saa kumi ilipokaribia ndipo niliposikia watu wakicheka kwenye ukurasa. Chini ya nambari saba, ambako ng'ombe mzee alisimama na mbavu zake, wameandika: "Huyu wa bei ya mtamba alizaliwa kabla ya uhuru?" Mwingine: "Hii bei ni ya ng'ombe mmoja ama ya zizi zima?" Nikazifungua picha zote mbili kwa pamoja. Bwana Makokha alipofika nilikuwa nimesimama. Hakunipigia kelele. Alisoma kila kitu, akavua kofia, akaketi, akasema polepole, "Hii ni kosa tu ya binadamu. Tutarekebisha. Mpigie huyo mama, mwambie pesa yake inarudi." Neno lile, kosa la binadamu. Wiki sita kabla yake kulikuwa na binadamu kwenye benchi lile lile, na kosa lake likaitwa mnada. Nililiona hilo saa ile ile, wallahi nililiona, likiwa jeupe kama karatasi mbele yangu. Nikasema, "Sawa, bosi."

Rose hakupokea simu. Alikuwa tayari anatafuta pikapu. Jumamosi asubuhi aliingia uani kwetu amevaa gauni la kanisani, shemeji yake kwenye usukani, nyuma wameweka nyasi kavu na kamba mpya. Alipita moja kwa moja mpaka zizini, akamtambua mtamba kwa baka lililokuwa usoni, akasimama amekunja mikono kifuani kama mtu anayeogopa kugusa. Bwana Makokha alimwendea na heshima zake zote. "Mama, karibu. Kumekuwa na kosa kidogo. Huyu si wako. Wako ni yule," akamwonyesha ng'ombe mzee, "au tukurudishie pesa, hakuna shida." Rose alimtazama ng'ombe mzee, akamtazama yeye. "Mimi nilisoma," akasema. "Nikauliza. Nikaambiwa ndiyo. Nikalipa. Sasa mlikuwa mnataka nifanye nini ingine?" "Ni msichana alichanganya picha." "Sasa mimi ndio nilimtuma achanganye?" Shemeji akaanza kumvuta mkono, "Twende bana, mama Davi, hawa watu hawatupatii kitu," na ndani ya sauti yake nilisikia furaha ndogo ya mtu aliyesema kuwa haitawezekana. Rose alinitafuta kwa macho. Nilikuwa mlangoni pa ofisi nimeshika daftari. Nikainamisha kichwa nikaandika kitu, sijui nini, mistari tu. Pikapu ikatoka na nyasi zake.

Mwaka juzi yalinifika hayo hayo, safari hii mimi nikiwa mwenye mali. Sasa nauza vyombo vya nyumbani kwa njia ya simu, hapa hapa mjini, na siku moja niliweka seti ya sufuria nzito chini ya bei ya vile vya plastiki. Mwanamke wa Webuye akashinda. Binti yangu akasema, "Mama, si ufute tu? Andika 'kosa la kimitambo'." Nilipandwa na hasira ambayo mtoto hakuistahili. Na nitasema kweli: hasira nyingine ilikuwa juu ya yule mwanamke wa Webuye. Nilimtukana moyoni, nikamwita mwizi, nikasema lazima alijua. Nilizifunga sufuria zile kwa magazeti huku nimeuma meno, nikazipeleka stendi mwenyewe. Sikuwa mwema siku ile. Nilikuwa nimebanwa tu, na aliyenibana ni Rose, miaka mingi baadaye, bila kuwepo.

Maana Rose hakunyamaza. Alipeleka malalamiko kwa chifu wa mtaa wetu Kitale, mama mmoja mpole wa sura na mgumu wa maneno, na tukaitwa. Siku mbili kabla ya kikao nilikuwa chumba changu cha ofisi nikipanga risiti, Bwana Makokha upande wa pili akiongea kwa simu. Sauti ilipita juu ya plaiwudi vizuri kabisa. "Huyo mtamba njoo umchukue kesho, usingoje. Eeh. Hapana, hiyo maneno ya mama imeisha. Msichana atasema alimwambia kuna kosa. Ni mtoto mzuri, hawezi nikatalia." Niliacha risiti. Dakika chache baadaye akaingia na karatasi iliyochapwa tayari. Ilisema kwamba mimi, Zaituni, nilimweleza mlalamikaji kwa simu kabla ya saa ya kufunga kwamba bei ile ina makosa, naye akaendelea makusudi. "Ni kitu kidogo," akasema. "Si unajua nitapata hasara kubwa? Na wewe ndio ulichanganya. Mimi nimekukasirikia? Nimekufukuza?" Hakuwa amenikasirikia. Hakuwa amenifukuza. Saa saba ilikuwa imekaribia na harufu ya mchuzi wa Mama Lucy ilikuwa ikiingia dirishani. Nikatia saini.

Kikaoni chifu alisoma karatasi ile kwa sauti. Rose alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akanigeukia, si kwa ukali, kwa mshangao tu, kama mtu aliyeona mlango wake mwenyewe umekataa ufunguo. "Zaituni. Si nilikuuliza, ukaniambia bei ni hiyo imeandikwa? Ulikuwa unakula. Nilikusikia ukitafuna." Chifu akaniuliza, "Ni kweli?" Nikasema, "Nilichosema kimeandikwa hapo." Nilijua kuchagua maneno, ndiyo kazi niliyoajiriwa. Chifu akaamua kwamba pesa irudishwe, basi. Rose alisimama, akaniamkia kwa kichwa kama anavyoamkiwa mgeni, akatoka. Laiti angenitemea mate. Mchana ule Mama Lucy alipakua kuku, paja, akaniwekea mimi. Sikuweza kulimeza. Nikaomba ruhusa nikaenda stooni, nikatandika msala wangu kati ya magunia ya chumvi yaliyosogezwa kwa ajili yangu, nikasimama, na sikuweza hata kunuia. Nilikuwa na hasira ya kutetemeka. Nilimkasirikia aliyenidanganyisha, nikamkasirikia mkewe kwa wema wake, nikawakasirikia wale kuku. Nilikunja msala nikauweka kwenye mkoba, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Sikurudi tena kuchukua hata kikombe changu.

Kufika Bokoli nilichukua siku nne kujipa moyo. Rose alikuwa nje ya banda lake tupu, akimwagilia miche. Banda lilikuwa zuri kuliko chumba nilichopanga: sakafu ya saruji, hori la mbao lililopigwa randa, paa jipya. Nilisalimu, nikasema nilichokuja kusema, nikalia, nikasema pole, pole sana Mama Davi. Aliniacha nimalize. Akaweka ndoo chini. "Sasa hiyo pole nitaikamua?" Nikazidi kulia. "Nyamaza kulia. Kuna mtu amekufa hapa? Ingia ndani uandike." Akanipa daftari la watoto wa chekechea, lenye mistari mipana, na kalamu, akaketi mbele yangu. Niliandika yote: saa, tonge, simu niliyosikia juu ya plaiwudi, karatasi iliyochapwa. Nilipofika kwa Bwana Wekesa wa Kibabii nilisita, kisha nikamwandika pia. Rose alisoma kila ukurasa kwa kidole. Penye neno gumu aliniambia, "Toa hiyo, weka ya kawaida. Chifu asiseme tena hakuelewa." Alikuwa na haki ya kunipiga na badala yake alinisahihisha insha. Sijawahi kuona hasira iliyotumika vizuri namna ile. Yangu ilikuwa inanitetemesha tu. Yake ilikuwa inafanya kazi.

Tulirudi kwa chifu, safari hii mlango ukiwa wazi na wafanyabiashara wa pale wakisikiliza barazani. Nilisoma daftari mwenyewe, na sauti ya redio iligoma kutoka. Nilisoma kama mtoto wa darasa la pili. Bwana Makokha alinitazama muda wote. Nilipomaliza akasema, "Zaituni. Tumekukosea nini sisi?" Nikasema, "Hamkunikosea mimi." Akamgeukia chifu. "Lakini chifu, sasa hata wewe fikiria. Mtu atapataje mtamba kwa bei ya mifupa? Kosa ni kosa. Hata mahakamani wataniachilia." Chifu alivua miwani. "Mtu akiona ng'ombe inauzwa bei ya kuku, ajue kuna kosa, anyamaze akimbilie, huyo mimi simsaidii. Ningekuachilia. Lakini huyu mama alikuuliza. Alikupatia nafasi ya kuona kosa lako, na mtu wako akamwambia endelea. Tena sharti ni lako: muuzaji wala mnunuzi. Yule wa Kibabii ulimtoa pesa kwa sharti hilo. Halafu ukaleta uongo ofisini kwangu, na saini ya mtoto wa watu juu yake." Bwana Makokha akasema mtamba ameshaondoka. "Basi leta dada yake, na mama akurudishie ile pesa. Najua yuko; kwa lile shamba ulinunua mitamba wawili. La sivyo mwende kortini, na mimi nitakuja kusema hii karatasi ilitoka wapi." Barazani mtu akapiga mluzi. Bwana Makokha akavaa kofia yake, akasema Jumanne.

Sitadai kwamba kila kitu kilinyooka. Dada yake mtamba alikuwa mdogo zaidi na mimba yake changa. Nilimpigia Bwana Wekesa nikamwambia aende kwa chifu, sasa njia imefunguka, nami nitamtolea ushahidi. "Ni wewe ulinisomea?" akauliza. Nikasema ni mimi. Akakata simu, na nilipopiga tena hakupokea. Bwana Makokha hakuniita tena wala kunitukana kwa mtu yeyote. Aliendelea na mnada wake miaka mingi, akaondoa nusu ya pili ya sharti, akazidi kusomesha watoto wa watu. Ndiyo maana wasifu wake unaniuma. Haukuandikwa na waongo. Uliandikwa na waliomjua siku ambazo neno lake halikumgharimu kitu.

Jumanne hiyo nilikuwapo Bokoli. Rose hakuwa amenialika; alisema tu, "Ukitaka kuona, njoo." Mtamba aliteremshwa kutoka kwenye lori akiwa na hofu, akateleza, akasimama, akaingia bandani kwa kusukumwa na watu watatu. Majirani walikuja, wake kwa waume, wakamzunguka, wakamshika kiwele, wakambishania umri. Shemeji alikuwapo, akieleza kila mtu jinsi yeye alivyojua tangu mwanzo kwamba watashinda. Nilisimama kando ya ukuta, nikiwa msichana wa mjini mwenye buibui kati ya watu wenye matope miguuni, na mama mmoja mzee akaniona. "Na huyu naye ni nani?" akamuuliza Rose.

Rose alikuwa akigawa chai. Alinitazama kwa muda mrefu, birika mkononi, mpaka wengine nao wakageuka wakanitazama. Niliona akitafuta neno, na niliona maneno mepesi yakimpita: mgeni, rafiki, msichana wa mnada. Hakulichukua hata moja.

"Ni yule alisema uongo," akasema.

Kisha akajaza kikombe, akavuka ua wote mpaka niliposimama, akaninyooshea.

"Halafu akarudi."